Kumshukuru mwalimu kabla shule hazijafungwa: hatua kwa hatua

Mwaka wa mahafali ya kifungua mimba wangu, sisi kamati ya wazazi tulimpa mwalimu mkuu saa ya ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na saa niliinunua mwenyewe Kariakoo, ya rangi ya dhahabu, ikafungwa kwa karatasi inayometameta. Wiki iliyofuata nikaenda ofisini kwake kufuatilia karatasi za mtoto. Ukutani palikuwa na saa nne, tatu zimesimama. Ya kwetu ilikuwa bado ndani ya boksi, juu ya kabati.

Hilo lilinichekesha tu. Lililoniuma ni pale nilipotoka nje nikakutana na mwalimu wa darasa la kwanza, yule aliyehangaika na mwanangu mpaka akajua kusoma. Siku ya mahafali yeye alikuwa akigawa soda. Jina lake halikutajwa na mgeni rasmi, halikutajwa na wanafunzi, wala na mimi niliyekuwa nimeshika kipaza sauti kwa dakika tatu nzima.

Sasa mdogo wake anamaliza darasa la saba, na safari hii nimejipanga vingine. Nayaandika hapa kwa mpangilio nilioufuata. Kama wako yuko kidato cha nne, au anapanda darasa tu, mengi yatakufaa vilevile.

Hatua ya kwanza: majina kwanza, zawadi baadaye

Kaa na mtoto jioni moja, televisheni imezimwa, mwambie alete madaftari ya zamani kama bado yapo. Usimuulize "mwalimu gani unampenda", maana atakutajia yule anayechekesha. Uliza maswali yenye tukio ndani yake. Nani alikufundisha kusoma? Siku ile ulipougua shuleni, nani alipiga simu nyumbani? Ni nani alikukemea ukakasirika, kisha ukaona alikuwa na haki? Hesabu za sehemu ulizielewa kwa nani?

Wangu alinitajia walimu sita. Wawili sikuwa nimewahi kuwasikia. Mmoja alikuwa mwalimu wa zamu aliyemkuta analia nyuma ya choo darasa la tatu, akamkalisha ofisi ya walimu mpaka wale wakubwa waliomnyang'anya hela ya mihogo walipoitwa. Mimi mzazi nilikuwa sijui habari hiyo kwa miaka minne.

Orodha ikishakamilika, ipitie tena wewe mwenyewe ukitafuta wanaosahaulika kila mwaka. Wa kwanza ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili. Kusoma, kuandika na kuhesabu mtoto aliyapata huko, mara nyingi katika chumba chenye watoto mia na zaidi, na kufika darasa la saba kila mtu anamsifu mwalimu wa darasa la mtihani kana kwamba herufi zilishuka zenyewe. Wa pili ni mwalimu aliyehamishwa. Wa tatu ni mwalimu wa kujitolea, kijana aliyemaliza chuo akawa anasubiri ajira ya serikali, anafundisha vipindi kamili kwa posho inayotoka kwa wazazi, tena miezi mingine haitoki. Huyu mwandike juu kabisa.

Hatua ya pili: chagua wakati

Hapa Tanzania darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, na wakishaweka kalamu chini wanarudi nyumbani. Walimu wao wanabaki shuleni mpaka shule zinapofungwa Desemba. Kwa hiyo usijiambie kwamba mtoto akimaliza na wewe umemaliza. Una miezi miwili na zaidi ya kufanya jambo hili kwa utulivu. Kidato cha nne wao wanaingia kwenye mtihani Novemba, muda wao ni mfupi zaidi.

Mimi nashauri uende baada ya mtihani, kamwe si kabla. Mitihani ya taifa haisahihishwi na mwalimu wa mtoto wako, lakini watu hawatafakari hivyo wakiona mfuko unaingia ofisini wiki ya mtihani. Kwa mtoto anayepanda darasa ni nyeti zaidi, kwa sababu mitihani ya ndani mwalimu anaisahihisha mwenyewe na Januari huenda akamfundisha tena. Subiri ripoti zitoke.

Ukitaka siku yenye jina, ipo tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani. Inaadhimishwa tangu 1994, kukumbuka mapendekezo ya mwaka 1966 ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu. Darasa la saba wanakuwa wameshamaliza, kwa hiyo inaangukia vizuri. Saa nayo ina maana yake: usiende saa moja na nusu asubuhi, watoto wako paredi na mwalimu wa zamu anakimbizana na wachelewaji. Nenda saa tisa mchana, vipindi vimekwisha.

Hatua ya tatu: andika barua

Hapa ndipo pa kutumia muda. Zawadi unaweza kuinunua kwa dakika kumi, lakini barua nzuri ilinichukua jioni mbili, na ndiyo pekee iliyoleta majibu.

Barua nyingi za shukrani zinasema "nakushukuru kwa mchango wako mkubwa katika maisha ya mwanangu, Mungu akubariki". Dua ni nzuri, lakini barua hiyo ukiipeleka kwa daktari, kwa dereva wa basi la shule au kwa diwani, itafaa vilevile. Mwalimu akiisoma hajui ni lipi katika yote aliyofanya lililofika. Na hilo ndilo asilolijua. Anafundisha mwaka mzima, watoto wanaondoka, wanakuja wengine, na hakuna anayerudi kumwambia kilichoota.

Basi weka mambo matatu: siku au kipindi fulani, alichokifanya yeye, na kilichotokea baadaye. Nitakuonyesha niliyomwandikia mwalimu wa darasa la kwanza wa huyu mdogo:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa yule mtoto aliyekuwa akikaa karibu na mlango, aliyekuwa akiandika herufi b ikitazama upande wa d. Mwezi wa nne ule uliniita ukaniambia nisimpige wala nisimpeleke tuisheni. Ukamkatia herufi za boksi la sabuni, ukampa aende nazo nyumbani, akawa anazipapasa huku amefumba macho. Mimi nilidhani ni mchezo. Mwezi wa saba alinisomea maandishi ya ubavuni mwa daladala, neno moja moja, konda akamsubiri amalize. Sasa amemaliza darasa la saba na anamsomea bibi yake gazeti kila Jumapili, kwa sababu macho ya bibi yamechoka. Nilitakiwa kukuambia haya miaka sita iliyopita. Ahsante sana, mwalimu."

Haina neno kubwa hata moja. Ukurasa mmoja unatosha, nusu ukurasa nayo inatosha.

Iandike kwa mkono. Mwandiko mbaya si sababu ya kukwepa, mwalimu amesoma mibaya zaidi ya wako. Andika tarehe, jina kamili la mtoto, darasa na mwaka, kwa sababu barua hii itafunguliwa tena siku ambayo sura ya mtoto imeshapotea kichwani. Ulizia jina la mwalimu linavyoandikwa. Kukosea jina la mtu unayemshukuru ni aibu ndogo inayokaa muda mrefu. Usichanganye shukrani na ombi. Hakuna "pia naomba unisaidie kuhusu mdogo wake", hakuna suala la deni la michango. Hayo yana siku yake.

Mtoto naye aandike mistari yake chini, kwa maneno yake. Usimsahihishe. Wangu aliandika "ahsante kwa kunipiga marufuku kusema siwezi", nikataka kumpangia sentensi nzuri zaidi, baba yake akanizuia. Alikuwa na haki. (Aliandika "marufuko", na ndiyo, mwalimu alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu, halafu akacheka mwenyewe.)

Kama kuandika kunakuwia vigumu, rekodi ujumbe wa sauti kwenye simu. Lakini useme mambo yale yale matatu, na usizidishe dakika mbili.

Hatua ya nne: nakala kwa mwalimu mkuu

Wazazi wengi hawalijui hili. Mzazi akiwa na malalamiko anajua njia mpaka kwa Afisa Elimu Kata. Akiwa na sifa anaishia getini. Andika barua fupi ya pili, ya kiofisi, kwa mwalimu mkuu (kwa sekondari, mkuu wa shule), useme mwalimu fulani wa darasa fulani alifanya jambo fulani na wewe mzazi unalitambua kwa maandishi. Mistari sita. Chini andika: Nakala, Afisa Elimu Kata. Omba iwekwe kwenye jalada la mwalimu.

Siwezi kukuahidi kwamba itampandisha daraja. Lakini mtumishi wa umma maisha yake ni majalada, na kuna walimu ambao karatasi zote zilizomo ni za uhamisho na za kujieleza. Moja ya kusifiwa haitamdhuru.

Hatua ya tano: zawadi, kama ipo

Si lazima iwepo. Tuelewane hapo kwanza, maana najua mama aliyemzuia mtoto asiende mahafali kwa kuwa hakuwa na ya kuchangia, na kosa lilikuwa letu kamati. Nilikuwa nikibandika kwenye kundi la WhatsApp orodha ya waliotoa na kiasi walichotoa, kila jioni, nikijiona muwazi. Kumbe wasiokuwemo kwenye orodha walikuwa wakionekana zaidi kuliko waliomo. Siku hizi nabandika jumla peke yake, pamoja na risiti. Atakayetaka kukagua anakuja kwangu.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mchango wowote unaopita mlango wa shule unaangaliwa kwa jicho kali, na ni haki. Kwa hiyo mchango wa shukrani uwe wa wazazi wenyewe, wa hiari, usikusanywe na mwalimu, usipitishwe kwa watoto darasani, na mwalimu mkuu ajue mapema. Tumia namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, na kumbuka makato ya kutolea, yanakula zaidi ya unavyofikiri.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: wazazi 38 walitoa shilingi 5,000 kila mmoja, ikawa 190,000. Walimu 14. Ukigawa ni kama 13,500 kwa kichwa, haifiki kitenge cha maana. Tukabishana usiku kucha: tumpe mwalimu wa darasa kitu kikubwa na wengine soda? Tulikubaliana kila mwalimu apate kitu kile kile, chupa ya chai ndogo, na barua zibebe tofauti. Uamuzi huo naujivunia mpaka leo. Ofisi ya walimu ni mahali padogo, na zawadi zisizolingana zinaacha maneno yatakayodumu mpaka muhula wa pili.

Mambo mengine ya haraka. Saa ya ukutani, hapana. Picha kubwa ya fremu yenye mwalimu na mgeni rasmi, hapana. Kitu cha kutumika kila siku ndicho kinachokumbukwa: chupa ya chai, mwavuli, mkoba unaoingia madaftari, doti ya khanga.

Ila khanga soma jina lake kabla ya kulipa! Mwaka fulani mzazi alivutiwa na rangi, akamletea mwalimu khanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Alitoa kwa moyo mweupe kabisa. Ofisi nzima ililia kwa kicheko, mwenyewe akaivaa Ijumaa iliyofuata, lakini ungekuwa uhusiano usio mzuri ingekuwa kesi.

Fedha taslimu kwenye bahasha kwa mwalimu wa serikali mimi siziafiki. Ni mtumishi wa umma, kanuni za maadili zinamfunga, na bahasha ya faragha inaweza kumletea maswali ambayo wewe hutakuwepo kuyajibu. Kitu kitolewe mbele ya watu, mwalimu mkuu akiwepo. Mwalimu wa kujitolea ni habari nyingine: huyo hana mshahara, na wazazi wakikubaliana hadharani kumwongezea posho ya mwezi wa mwisho, huo ni msaada wa kweli. Shule binafsi zina taratibu zake kuhusu zawadi, uliza ofisini kwanza.

Hatua ya sita: okoa risala

Kama uko kwenye kamati ya mahafali, una nafasi ambayo mzazi mwingine hana. Risala ya wahitimu tunaijua wote. Kurasa tatu: historia ya shule, idadi yetu tulipoanza na tulivyopungua, kisha changamoto, upungufu wa madawati, matundu ya vyoo, uzio, nyumba za walimu. Walimu wanapata sentensi moja, "waliotulea kimwili, kiakili na kiroho", inayosomwa kwa kasi kwa sababu mgeni rasmi ameshaanza kutazama simu.

Changamoto zibaki, mgeni rasmi amekuja kuzisikia. Ongeza dakika tano tu. Chagua watoto watano wenye sauti, kila mmoja asimame pale alipo, amtaje mwalimu mmoja na jambo moja alilolifanya, akae. "Mwalimu fulani alitufundisha ramani kwa kuchora uwanjani na jivu." Imekwisha. Fanyeni mazoezi, maana watoto wakishika kipaza sauti huanza kuomba uzio tena. Na hakikisheni yule wa darasa la kwanza amekaa kiti cha mbele siku hiyo, soda igawiwe na wazazi.

Hatua ya saba: mwalimu wako mwenyewe

Ukiwa umeshika kalamu kwa ajili ya walimu wa mtoto, utajikuta unamkumbuka wako. Usiliache lipite.

Mimi nilianza darasa la kwanza 1985, nikafundishwa na mwalimu wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Walio wadogo huenda hawalijui jina hilo. Mwaka 1974 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma, ikaamua kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakuwepo wa kutosha, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Watu waliwacheka, "mwalimu wa UPE" likawa karibu tusi. Lakini ndio waliotushika mkono, na leo wengi wao wameshastaafu, maana utumishi wa serikali unakoma kwa lazima miaka 60. Nchi hii ilimpa rais wake wa kwanza, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, jina la Mwalimu akabaki nalo mpaka kaburini. Walioendelea na chaki miaka arobaini hatujui hata wanaishi wapi.

Kumpata si kugumu kama unavyodhani. Anzia shuleni alikofundisha mwisho, uliza mwalimu aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Ofisi ya Chama cha Walimu ya wilaya wanaweza kukuelekeza, SACCOS ya walimu, yaani chama chao cha akiba na mikopo, vilevile. Msikitini au kanisani kwa mtaa wake wanamjua. Ukipata namba, piga kwanza, usimshtukize mzee.

Ukifika: shikamoo, hata kama kichwa chako nacho kina mvi. Kwa Unguja na Pemba utamwita maalim, na baki na hilo. Jitambulishe kwa jina kamili, jina la baba, mwaka, na mahali ulipokuwa ukikaa darasani. Usimuulize "mwalimu, umenisahau?" Amefundisha maelfu, swali hilo linamlazimisha aseme uongo au aone haya. Usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, kitenge. Simu ya kupiga picha ikae mfukoni mpaka yeye mwenyewe aseme "hebu tupige ya kumbukumbu". Kisha msomee barua yako, au mpe aisome, ukae kimya.

Ukikuta ameshatangulia mbele ya haki, ipeleke barua kwa watoto wake hivyo hivyo. Nimeona binti akisoma barua ya aina hiyo sebuleni. Alimjua baba yake kama mtu mkali wa nyumbani, akakutana na mwingine kwenye karatasi.

Wangu mimi yupo hai. Alisoma barua yote, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Hakusema lolote kuhusu niliyoyaandika. Akaniuliza: "Na yule mwenzako wa dawati, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, yuko wapi siku hizi? Na yule wa Kigogo aliyekuwa anakuja bila viatu?" Nikawa sina jibu hata moja, kwa mambo yaliyokuwa yakimkaa moyoni miaka yote.

Kwa hiyo jambo la mwisho kabla hujatoka nyumbani: tafuta namba za wenzako watatu wa darasa lile, uwaambie siku na saa utakayokuwa kwake, wawe karibu na simu. Mwalimu akiuliza, unapiga, unaweka sauti kubwa, unampa.